Pandisha bei, donge liache

Msomaji wa Mbeya ameniuliza: "Dada, ngano juu, mafuta juu. Nipandishe bei ya andazi au nipunguze donge?" Pandisha bei, mdogo wangu. Donge usiliguse.

Mimi nauza maandazi Tandika, na mwaka 2022 ndio ulionipika kibiashara. Vita vya Ukraine vilipandisha ngano, ambayo nyingi tunaiagiza nje. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mafuta ya mawese kuuzwa nje. Zuio halikumaliza hata mwezi, lakini ndoo ya lita 20 ilikuwa haishikiki. Wenzangu mtaani wakakata madonge. Mimi nikaandika kwa chaki: andazi 300, ukubwa uleule. Lilikuwa 200.

Wateja walinihama. Jirani niliyemkopesha mtaji wa kuanzia akawa anawaambia nimeingiwa tamaa, na hilo linaniuma mpaka leo. Ila makonda na mafundi hupima kwa tumbo. Andazi langu moja na chai liliwafikisha mchana. Yale madogo mawili, kwa 400, hayakuwafikisha. Walirudi, tena wakaja na wenzao. Leo naajiri wasichana wawili.

Kwa hiyo nunua mzani, pima kila donge. Na wewe unaponunua, soma uzito, acha kutazama ukubwa wa pakiti. Pakiti ya gramu 500 ikishuka hadi 450 kwa bei ileile, umepandishiwa bei kwa asilimia 11 na hakuna aliyekwambia. Mche wa sabuni nao upime. Sura inabaki ileile huku gramu zinapungua. Mafuta ya kupima vikombe yanaonekana nafuu, ila jumlisha mpaka lita uone. Mzani, mzani, mzani!

Mteja akiona bei mpya anaweza kubisha, kupatana au kwenda kwingine. Ukimpunguzia donge kimyakimya umemnyima haki hiyo, na anayenyimwa ni mama anayegawia watoto watatu andazi moja. Msikitini na kanisani sote tumefundishwa kuhusu kupunja vipimo. Tuache kusingizia kupanda kwa dola.

Ukiamua kupandisha, tangaza siku chache kabla, na utaje sababu: ngano imefika bei gani, mafuta bei gani. Risiti ya duka la jumla iweke karibu, atakayeuliza mwonyeshe.