Usikimbilie Kufomati Linux, Iulize Kwanza

Januari ile shule zilikuwa zimefunguliwa wiki moja tu, na steshenari yetu hapa Moshi, hatua chache kutoka stendi, ilijaa wazazi tangu saa moja asubuhi. Nikawasha kompyuta ya mezani yenye Linux Mint, mfumo huria unaotumika badala ya Windows, nikaandika nywila. Skrini ikawa nyeusi kama sekunde mbili, kisha ikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikaandika tena, polepole, herufi moja moja. Ikanirudisha. Mama mmoja kutoka Kibosho alikuwa amesimama mbele yangu na flashi ya fomu za mwanawe. "Mwanangu, basi la mtoto linaondoka saa nne, tutawahi kweli?"

Nikampigia fundi ninayefahamiana naye. Akanijibu kwa maneno matatu: imekufa, piga upya. Nikapiga upya, yaani nikafuta diski yote na kusakinisha mfumo tena. Kufika adhuhuri mashine ilikuwa inawaka vizuri, lakini ndani hamna kitu. Ilikwenda mitihani ya majaribio ya darasa la saba ambayo mwalimu mmoja wa Majengo aliniachia nimpangie, na likaenda daftari letu la madeni la miezi kumi na moja. Mwalimu alikaa siku mbili akiiandika upya kwa mkono, nami nikaichapa bila kumtoza hata shilingi. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na mtazamo ule ndio ulionifanya nijifunze haya ninayoyaandika leo.

Machi ugonjwa uleule ukarudi, kwenye mashine ileile. Safari hii sikugusa flashi ya kupigia. Nilikuwa nimeshajua kwamba nyuma ya skrini ya picha, Linux ina skrini nyingine za maandishi matupu, na zinaendelea kufanya kazi hata kama ile ya picha imegoma. Ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, unaletewa sehemu ya kuandika jina lako na nywila. Nikaandika, ikakubali mara moja. Kwa hiyo nywila haikuwa na kosa, wala mashine haikuwa imekufa. Nikaandika amri moja fupi:

df -h

Amri hii inakuonyesha kila sehemu ya diski na kiasi kilichojaa. Angalia mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Wangu ulisema 100%. Basi. Ukiingia kwenye Linux, mazingira ya picha hulazimika kuandika vifaili vidogo kwenye folda yako ndipo yafunguke. Diski ikijaa pomoni hayana pa kuandika, yanakata tamaa na kukurudisha mlangoni. Ndiyo maana ukiona mashine inakubali nywila kisha inakurudisha, jambo la kwanza kushuku ni nafasi, siyo nywila. Na ile skrini ya maandishi inakubali kwa sababu haihitaji vifaili vile, tena ext4, mfumo ambao Linux hupangia mafaili kwenye diski, kwa kawaida humtengea msimamizi mkuu, aitwaye root, asilimia 5 ya nafasi, ili akiingia wakati wa shida apate pa kupumulia.

Swali la pili ni nani aliyejaza. Hapa unamfuata mwizi kwa nyayo zake (neno sudo linaipa amri mamlaka ya msimamizi mkuu):

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Folda kubwa kuliko zote inakaa mwisho. Kwangu ilikuwa /var. Unarudia amri ileile ukiweka /var badala ya /, halafu /var/log, mpaka unamfikia mwenyewe. Alikuwa faili moja liitwalo syslog, GB 61, kwenye diski ya GB 120. Hilo ni faili ambalo mfumo huandikia kila kinachotokea. Nikasoma mistari yake ya mwisho kwa sudo tail -n 20 /var/log/syslog, nikakuta sentensi moja imejirudia kama mtu anayepiga kelele usiku kucha: kadi ya waifai iliyochomekwa kwenye mazabodi ilikuwa inaripoti hitilafu ndogo, inajirekebisha, inaripoti tena, mara nyingi kwa sekunde. Nikazima, nikachomoa umeme, nikaitoa kadi, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikapuliza vumbi, nikairudisha ikakaa sawasawa. Kelele zikaisha.

Kuhusu faili lenyewe, nakusihi usilifute kwa rm. Programu inayoliandikia bado imelishikilia, na nafasi haitaachiwa mpaka programu hiyo iwashwe upya, kwa hiyo utafuta na df itaendelea kukuambia 100%. Limwage tu, libaki tupu:

sudo truncate -s 0 /var/log/syslog

Ukimaliza, safisha na mabaki mengine. sudo apt clean inaondoa mafaili ya usakinishaji yaliyopakuliwa na apt, kisakinishi cha programu (programu zenyewe zinabaki), sudo apt autoremove inaondoa kerneli, yaani viini vya mfumo, za zamani zisizohitajika, na sudo journalctl --vacuum-size=200M inapunguza kumbukumbu za matukio. Mara moja nilikuta nafasi ipo tele na bado narudishwa mlangoni. Hapo angalia faili la .Xauthority, linalotunza ruhusa ya kutumia skrini ya picha, kwenye folda yako kwa ls -l. Kama mmiliki wake ni root, umewahi kufungua programu ya picha kwa sudo. Lirudishe kwako kwa chown, utaingia.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa makusudi, maana mwendo wake ndio mwendo wa matatizo karibu yote. Linux haifichi ugonjwa wake. Inaandika kila kitu, mahali panapojulikana, na kazi yetu ni kusoma kabla ya kugusa. Amri ninayoipenda kuliko zote ni hii:

journalctl -b -1 -p err

Inakuletea makosa tu, tena ya mara iliyopita mashine ilipowaka, siyo ya sasa. Kompyuta ikiganda ukalazimika kuizima, ukiwasha tena hapo ndipo pa kuulizia kilichotokea. Soma mistari ya mwisho kwanza.

Sasa umeme. Anayeishi Moshi au Arusha hahitaji kuelezwa habari za umeme kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, hasa mvua za masika zikianza. Asubuhi moja ukiwasha utakuta skrini nyeusi na neno initramfs kwenye mabano. Watu wengi hapo ndipo wanapofomati. Usifanye hivyo. Andika exit, bonyeza Enter, na mara nyingi mashine yenyewe itakutajia sehemu ya diski yenye hitilafu, kwa mfano /dev/sda2. Kisha ikague na kuirekebisha:

fsck -y /dev/sda2

Weka jina ulilotajiwa wewe, siyo langu. Ikimaliza, andika exit tena, mfumo utaendelea kuwaka. Nimeokoa mashine za majirani zaidi ya tano kwa njia hii, na hakuna iliyopoteza hata barua.

Ila sikiliza vizuri hapa. Kama initramfs inarudi kila wiki na umeme haujakatika, tatizo siyo mfumo tena, ni diski yenyewe inachoka, au waya wake umelegea. Sakinisha smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, kisha uliza kwa sudo smartctl -a /dev/sda. Kwenye diski za kuzunguka, tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ya kila mstari ikiwa zaidi ya sifuri na inapanda wiki hadi wiki, nakili kazi zako leo hii, kabla ya kujaribu kutengeneza chochote. Kuilazimisha fsck kwenye diski inayokufa kunaweza kuimaliza kabla hujatoa vitu vyako. Na nunua UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Hata ndogo inayokupa dakika kumi inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Bei yake niliiona kubwa mpaka nilipolipia diski mbili ndani ya mwaka mmoja.

Kompyuta nyingi tunazotumia huku ni za mtumba, na zinakuja na betri ya saa iliyokwisha, ile ya duara iitwayo CR2032. Dalili yake ni kwamba kila asubuhi mashine inakuomba ubonyeze F1, au inasahau mpangilio na kudai haioni diski ya kuwakia. Saa nayo ikiwa mbali na ukweli, tovuti salama zinakataa kufunguka na unabaki kulaumu mtandao. Andika timedatectl uone tarehe. Badilisha betri, endelea na kazi.

Kusasisha mfumo ni lazima, na bando ni pesa, kwa hiyo mimi nasasisha usiku kwa bando la usiku. Bando likikata katikati usiogope, ukirudia amri apt inaendelea pale ilipoishia. Umeme ukikatika wakati vifurushi vinasakinishwa, ndipo unapohitaji sudo dpkg --configure -a, na baada yake sudo apt --fix-broken install. Kuna ujumbe unaowasumbua wengi, Could not get lock. Maana yake programu nyingine inasasisha muda huohuo. Wapo wanaoshauri ulifute faili la kufuli. Mimi nasema subiri dakika kumi, maana ukilivunja kufuli programu mbili zikaandika pamoja, utakuwa na kazi kubwa kuliko uliyokuwa nayo.

Ikiwa baada ya kusasisha waifai au sauti imepotea, washa upya ukiwa umeshikilia Shift, au ukigonga Esc kwa mashine mpya zaidi, upate menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Chagua Advanced options, kisha kerneli iliyotangulia. Kila kitu kikirudi, umeshajua mkosaji ni kerneli mpya, na unaweza kufanya kazi na ile ya zamani huku ukisubiri marekebisho.

Printa sitakaa nayo sana. Kazi zikipangana foleni na hakuna karatasi inayotoka, lpstat -p itakuambia kama foleni imesimamishwa, na cupsenable pamoja na jina la printa itaifungua. Mambo mengine yote yapo kwenye localhost:631 ukiifungua kwenye kivinjari.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wakileta flashi zenye kirusi kile kinachoficha kazi na kuacha vijipicha vya njia ya mkato, mimi nazifungua kwenye Linux na mafaili yao halisi yanaonekana, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina. Dada mmoja alilia kwa furaha hapa dukani ripoti yake ya utafiti ilipojitokeza. Kwa kazi ya steshenari peke yake, hii ni sababu tosha ya kuwa na mashine moja ya Linux.

Ukihitaji msaada wa mtu, usimwambie "imegoma". Mnakilie ujumbe wa kosa neno kwa neno, mwambie na ulichofanya kabla yake. Kiswahili kimeingia kwenye programu huria siku nyingi, tangu Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini makosa ya terminali, yaani sehemu ya kuandikia amri, na majibu yake mengi mtandaoni bado ni ya Kiingereza. Kwa hiyo tafuta kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye skrini. Mimi nina daftari la kaunta chini ya kila mashine. Kila amri ninayoandika kwa sudo naiandika na humo, pamoja na tarehe. Mara mbili daftari hilo limenionyesha kwamba ugonjwa wa leo niliuleta mwenyewe Jumanne.

Timeshift, programu ya kupiga picha za hali ya mfumo, iwashe tangu siku ya kwanza, na picha zake ziwekwe kwenye diski ya pili. Inaurudisha mfumo kwenye hali ya jana kwa dakika chache. Lakini wengi hawajui kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi folda yako ya kazi. Barua, mitihani na madeni havimo. Hivyo mimi navinakili kila jioni kwa rsync kabla ya kufunga duka, na diski hiyo naondoka nayo nyumbani Pasua.

Na kwenye droo weka flashi ya GB 8 yenye Linux Mint ya kuwashia bila kusakinisha. Mashine ikikataa kabisa, iwashe kwa flashi hiyo, fungua diski ya ndani kama unavyofungua folda yoyote, nakili kazi zote kwenye diski ya nje, halafu ndipo uamue kama utafomati. Asubuhi ile ya Januari nilikuwa nayo flashi hiyo mkononi. Ndiyo niliyoitumia kupiga upya. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha, skrini yake ilikuwa inaonyesha ile diski ya ndani, na mitihani ya mwalimu ilikuwa bado imo.