JIBU: Tapeti za haidroliki, V8 ya mbio fupi, nati ikazwe kiasi gani?

Kaka wa Changamwe, umeuliza kama kukaza nati ya roka (mkono unaosukuma valvu) robo tatu ya mzunguko baada ya mchezo kuisha, kama gari la kawaida, kwafaa kwa V8 yako ya Chevrolet 350 ya mbio. Haifai. Kwa kasi kubwa springi ya valvu hushindwa, nafasi hutokea kati ya sehemu zinazoisukuma valvu, tapeti (silinda ndogo inayosukumwa na kemshafti, yenye pistoni na oili ndani) huijaza oili, valvu haifungi na nguvu hukatika ghafla. Ukiikandamiza tapeti kidogo tu, pistoni yake ndogo ina pa kupandia padogo, hivyo haiishikilii valvu wazi sana.

Fanya injini ikiwa baridi. Valvu ya moshi ikianza kufunguka, rekebisha ya hewa ya silinda hiyo. Ya hewa ikikaribia kufunga, rekebisha ya moshi. Shika pushrodi (fimbo iliyo kati ya tapeti na roka) kwa vidole viwili, uipandishe na kuishusha huku ukikaza nati. Usiizungushe kama wengi wafanyavyo, itakudanganya: oili nzito huishika mapema. Mchezo ukiisha, ongeza moja ya nane hadi robo ya mzunguko, kisha funga skrubu ya nati inayoizuia isilegee.

Silinda hedi za alumini? Robo kamili, kwa kuwa hutanuka zikipata moto na mkandamizo hupungua. Na klipu ya waya ndani ya tapeti, inayozuia pistoni isitoke, iwe ile imara, nyembamba huchomoka.