Barua ya kuomba idadi za wanaojiunga na chuo kikuu: yaliyonisaidia

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatoka, wanafunzi wangu wa zamani hurudi shuleni kuniuliza swali moja: "Mwalimu, nikiweka uuguzi chaguo la kwanza, nitapata?" Miaka mingi nilikuwa nikiwasomea alama za mwisho za mwaka uliopita, zile zinazoonekana kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la Serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Lakini alama hizo ni za mtu wa mwisho kuingia. Hazikuambii walioomba walikuwa wangapi, nafasi zilikuwa ngapi, wala ni wangapi waliopangiwa halafu wasiripoti. Mtoto anaamua maisha yake kwa kutazama kizingiti tu, na mlango wenyewe hauoni.

Ndipo nikaamua kuomba idadi hizo kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Vyuo vikuu vya umma vimo ndani, na KUCCPS pia.

Barua yangu ya kwanza niliikosea. Niliomba "takwimu zote kuhusu wanafunzi waliojiunga katika miaka kumi iliyopita". Nilisubiri, nikapiga simu, nikaambiwa barua iko mezani kwa mkubwa. Mwishowe nikapata jibu la mstari mmoja, kwamba habari hizo hazihifadhiwi kwa namna nilivyoziomba. Liliniuma, ila baadaye nilikubali kwamba hakuna karani anayeweza kukaa chini na swali la aina ile akajua aanzie faili gani.

Ya pili niliichora kama jedwali. Niliandika: "Kwa shahada ya uuguzi, kwa kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, naomba: nafasi zilizotangazwa, waliopangiwa kwa ufadhili wa Serikali, waliokubaliwa kwa kujilipia, na walioripoti." Kozi moja, miaka minne, safu nne. Idadi ya waliochagua kozi hiyo nikaiombea KUCCPS kwa barua ya peke yake, kwa kuwa wao ndio wanaopokea machaguo, ilhali wanaojua nani aliripoti ni chuo. Kabla hujaandika, jiulize karatasi unayoitaka imelala kabati la nani. Ukikosea kabati, sheria inaitaka ofisi uliyoiandikia ihamishe ombi kwa yenye habari hizo ndani ya siku 5, lakini usiitegemee sana.

Kuna jambo ambalo ningetamani kila mwalimu alijue: barua yako inaweza kuwa ya Kiswahili. Sehemu ya 8 ya Sheria ya Kupata Habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika, afisa anapaswa kumwandikia na kumpa nakala. Hawawezi kulikataa eti tu kwa sababu hukutumia fomu yao. Huhitaji kueleza sababu ya kuomba, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Gharama wanayoweza kukudai ni ile ya kunakili na, ikihitajika, ya kukufikishia nakala. Barua mwandikie Naibu Chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa chuo, maana kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa kutoa habari, hata kama kazi yenyewe ataifanya msajili. Peleka nakala mbili, na moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Muhuri huo ndio unaoanza kuhesabu siku. Wana siku 21 za kukujibu, na ombi likiwa kubwa wanaweza kuongeza hadi 14, mara moja tu. Siku hizo zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani bado wanasubiri. Kumbe kimya hicho kinakufungulia mlango wa Tume ya Haki za Utawala, maarufu kama Ombudsman. Unaiomba ipitie upya uamuzi huo ndani ya siku 30, bila kuhitaji wakili. Mimi sikufika huko. Siku ya 22 nilituma barua fupi ya kukumbusha, nikiitaja tarehe ya muhuri na nia yangu ya kwenda kwa Tume, na jibu likaja wiki iyo hiyo.

Usiombe majina wala alama za mtu mmoja mmoja. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ni haki watoto hao walindwe. Hata idadi inaweza kumfichua mtu. Nilikuwa nimefikiria kuomba mgawanyo kwa kaunti na jinsia, nikaona kuna kaunti ambayo pengine imetoa msichana mmoja tu darasani. Huyo atajulikana. Nikaiacha.

Jibu lilikuwa na safu tatu kati ya nne. Ya wanaojilipia waliiacha wazi, na nimewaandikia tena kuhusu hiyo peke yake. Lakini hizo tatu zilitosha kunionyesha kwamba si wote waliopangiwa walioripoti. Sasa mwanafunzi akija, tunaketi na jedwali katikati yetu, naye anauliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza: hawa ambao hawakuripoti walikwamia wapi, kwenye karo?

Jumatatu nimepeleka barua nyingine, ya shahada ya ualimu. Siku ya 21 nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ofisi.