Alama ya X na dole gumba la bibi yako

Mwanangu,

Umeniuliza ni wangapi waliojua kusoma Marekani ya wakoloni, maana umekuta hati za wasia za New England, yale makoloni ya kaskazini-mashariki, zimetiwa X mahali pa sahihi. Hesabu ipo. Mwanahistoria Kenneth Lockridge alizipitia hati hizo akapata wanaume kama 60 katika 100 waliotia sahihi mnamo 1660, na karibu 90 ilipofika 1790. Ila sahihi haipimi kusoma. Nimekwambia mara ngapi: kusoma si kuandika.

Kule mtoto alianzia kwenye kibao chenye mpini, kimebandikwa karatasi ya alfabeti, silabi na Sala ya Bwana, na juu yake ganda jembamba la pembe ili vidole visiichafue. Mama mtu alitosha kuwa mwalimu. Kuandika kulikuja baadaye, tena kwa gharama: unyoya wa bata bukini, kisu cha kuuchonga upya kila ukibutuka, wino wa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma, karatasi ya matambara. Wasichana wengi waliishia kwenye kibao. Hata sheria ya Massachusetts, mojawapo ya makoloni hayo, ya 1642 ilidai watoto wajue kusoma, kuandika haikukutaja.

Bibi yako, unajua, Kurani alikuwa akiikhitimu kila Ramadhani. Siku ile ofisini akabonyeza dole gumba, na karani, bila kumuuliza, akajaza "hajui kusoma". Mpaka leo neno lile linanichoma.

Wenye watumwa ndio waliojua tofauti hii barabara. Koloni la South Carolina, kusini, 1740: faini ya pauni 100 kwa atakayemfundisha mtumwa kuandika. Kusoma hakukuguswa. Mtumwa aliyetoka shambani alidaiwa kibali cha bwana wake, na ajuaye kuandika angejiandikia mwenyewe.

Basi kila X ni ya msomaji? Hasha, wasiojua hata alifu nao walikuwapo. Halafu wasia huandikwa mtu akiwa kitandani. Mkono unaotetemeka huchora X hata kama jana uliandika barua. Mimi moyo wangu umeshaamua kuhusu wanawake wale waliotia X, lakini moyo si ushahidi, nami sitakuamulia. Juu ya jedwali lako andika "waliotia sahihi". Usiandike "waliojua kusoma".

Mama yako