Cum celeritate, halafu magna celeritate: hiyo cum imeenda wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini kitabu chako cha Kilatini kina cum celeritate (kwa kasi; cum ni kama "pamoja na"), halafu ukurasa unaofuata unakuta magna celeritate venerunt (walikuja kwa kasi kubwa) bila cum, ukadhani wamekosea kuchapa. Hawajakosea aisee. Mi Kilatini nilikisoma seminari ndogo na hapo ndo niliteseka kuliko kwenye vitenzi vyote.

Iko hivi, ukitaka kusema jambo limefanyika kwa namna gani, nomino unaitia kwenye ablativi, yaani lile umbo la nomino linalobeba maana kama ya "kwa" yetu. Ikiwa peke yake, cum ni lazima: cum cura, kwa uangalifu. Ikipata kivumishi, cum inakuwa hiari, magna cura (kwa uangalifu mkubwa) sawa, magna cum cura nayo sawa, na ukiiweka inapenda kujibana katikati, ndo maana vyeti vya chuo vinaandika magna cum laude, kwa sifa kubwa.

Sasa sisi Waswahili kinachotuponza ni "kwa". Kwa haraka, kwa kisu, kwa furaha, yote tunabeba kapu moja. Kilatini kinagoma, kifaa hakichukui cum. Mi kwenye mtihani niliandika miles hostem cum gladio necavit, askari alimuua adui kwa upanga, nikatoka nikijua nimemaliza kazi, karatasi inarudi padre kazungushia cum wino mwekundu na pembeni kaandika "huo upanga ni rafiki yake, walikuja wote?" Maana cum gladio ni kuwa na upanga, wa kuulia ni gladio tu, basi. Tangu siku hiyo najiuliza kwanza: hiki ndo kimetumika kufanyia kazi? Natupa cum. Ni hali tu, kama furaha au haraka? Naangalia kivumishi kipo au hakipo.

Kuna wakorofi wachache, silentio (kimyakimya), iure (kwa haki), iniuria (bila haki), vi (kwa nguvu), dolo (kwa hila), hao wanatembea bila cum na bila kivumishi, we kariri tu.

Kitu kilichonifurahisha baadaye ni mente, ablativi ya mens, yaani akili. Clara mente, kwa akili iliyo wazi, ndo imezaa chiaramente ya Kiitaliano na clairement ya Kifaransa, zote maana yake "kwa uwazi", na ile a ya chiara imebaki kwa sababu mens ni ya jinsia ya kike. Wao wametumia ablativi, sisi tunachomeka ngeli: analia kitoto, amepika vizuri.

Kwahiyo hiyo magna celeritate venerunt yako iache hivyohivyo, na ukiongeza cum hapo katikati hamna atakayekukata maksi.