Re: Mdogo wangu kachaguliwa udaktari wa meno, je unalipa?

Mkuu, umeuliza kama DDS (shahada ya udaktari wa meno) italipa au mdogo wako ahamie MD (udaktari wa kawaida wa binadamu). Mimi ni daktari wa meno, mwaka wa nane kazini, na ningemwambia abaki.

Njia ni ileile ndefu: miaka mitano chuoni (mimi nilisoma MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili), halafu mwaka mmoja wa utarajali ndipo usajiliwe. Serikalini wa meno na wa MD wote wanaanzia ngazi ya mshahara ya TGHS E, kwa hiyo kwenye mshahara hakuna aliyemzidi mwenzake. Tatizo ni nafasi. Zikitangazwa, za meno huwa chache kuliko za MD, na unaweza kukaa nyumbani muda mrefu ukisubiri.

Hela iko kwenye kazi ya mikono. Kung'oa jino ni bei ndogo. Kutibu mzizi wa jino na kulivika kofia (kifuniko bandia) ndiko kunakolipa. Huku Arusha, maji ya kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi mengi, ndiyo maana vijana wengi wana meno ya kahawia na wanatafuta matibabu. Wiki iliyopita dada mmoja, harusi ikiwa karibu, alikaa kwenye kiti changu amefunika mdomo kwa kiganja hata akijibu jina lake. Alipojiona kwenye kioo baada ya matibabu alilia, nami nikalia.

Ila asikimbilie kufungua kliniki yake. Kiti, kompresa na eksirei ni mamilioni mengi. Aajiriwe kwanza kwenye kliniki binafsi, akubaliane asilimia kwa kila mgonjwa, na mkataba uwe wa maandishi. Mimi nilikubali kwa mdomo, nikadhulumiwa miezi minne.