Shangazi Anajibu: Jumanne ya Marejesho

*Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa bodaboda, naishi Ngarenaro, Arusha. Mwezi wa tatu niligongwa na gari, mguu ukavunjika. Umeshapona, lakini nikishika usukani mikono inatetemeka. Kijiweni wananiita mwoga. Niiache kazi?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Mwili uliolala na plasta wiki nzima na wiki nyingine una haki ya kutetemeka, usiuonee aibu. Kwa sasa usibebe abiria. Jumapili amka saa kumi na mbili, barabara ikiwa bado tupu, vaa elementi uifunge vizuri kidevuni, toka Ngarenaro hadi soko la Kilombero, geuza urudi nyumbani unywe chai. Jumapili inayofuata ongeza kipande. Mwombe mmoja wa hao wa kijiweni aendeshe nyuma yako, nadhani utashangaa nani atakubali. Ukiona unaiota ajali kila usiku na usingizi umekataa, nenda hospitali ya Mount Meru umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Nauza ndizi na maparachichi Mbuyuni. Mume wangu ni mpagazi. Agosti mwaka jana aliteleza Barranco, huko Mlima Kilimanjaro, akiwa na mzigo, goti likaharibika, hajapanda mlima tena. Nikaanza kukopa. Kwenye kikundi chetu cha watu watano nilichukua laki tatu, marejesho 28,000 kila Jumanne kwa wiki kumi na mbili. Nimebakiza tano, pamoja na ya Jumanne iliyopita ambayo sikuwa nayo, wenzangu wakanichangia. Hali ilipokaza nikachukua mkopo wa kausha damu, laki mbili, narudisha elfu kumi kwa siku, siku thelathini. Nimelipa kumi na nane. Halafu kuna mama mmoja hapa mtaani alinipa laki na nusu, kila mwezi nampelekea riba elfu thelathini. Nimempelekea mara nne, ya mwezi huu bado. Hilo la tatu mume wangu halijui.*

*Wale wa kausha damu wamesema watakuja kubeba kabati na jiko la gesi. Jumanne natoka saa kumi alfajiri narudi usiku. Mwanangu wa darasa la pili nimemfundisha akigongewa aseme mama hayupo. Deni limepita milioni, Shangazi. Nafikiria kuwapeleka watoto kwa mama yangu Kibosho nikimbilie Dar. Watu wananiambia nijipe moyo. Huo moyo unapatikana wapi?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikaandika pembeni, na nakuomba nawe uandike, kwa mkono wako, kwenye daftari la mtoto kama huna lingine.

Kikundi: 28,000 mara tano, 140,000. Kausha damu: siku kumi na mbili zilizobaki, 120,000. Mama wa mtaani: 150,000 yake na riba ya mwezi huu 30,000, jumla 180,000. Piga mstari, jumlisha. Ni 440,000.

Ni pesa nyingi kwa meza ya ndizi, sikudanganyi. Lakini wewe uliniandikia milioni. Hiyo laki tano na elfu sitini iliyozidi hakuna anayekudai. Imeingia humo usiku, ukiwa macho, ukisikiliza nani anapita dirishani. Muulize mume wako: pale getini, kabla ya kupanda, mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani, kilo ishirini ndiyo mwisho. Hakuna mpagazi mwenye akili anayeinua mzigo ambao haujapimwa. Wewe umebeba ambao hujaupima hata mara moja.

Sasa niseme la mtoto, maana hapo ndipo nilipoacha kusoma nikatoka nje kidogo.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Kuna belo nililichukua mali kauli, bila kutoa hata senti, nikalifungua nikakuta masweta yaliyotobolewa na nondo kuanzia juu hadi chini. Nikabaki na deni la laki mbili na elfu kumi, na kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa za kukosesha usingizi. Mwenye mali alikuwa anakuja nyumbani jioni. Mimi nasimama nyuma ya pazia la chumbani, nimeshika kitambaa kisitikisike, na mwanangu wa miaka sita anafungua mlango. Siku moja yule baba aliuliza mara mbili, kwa sauti ya kawaida tu: mama yako yuko wapi? Mtoto hakujibu. Nilichungulia chini ya pazia nikaona maji yanatiririka kwenye miguu yake mpaka sakafuni. Alijikojolea amesimama wima kama askari, kwa ajili yangu.

Sikutoka hata hapo. Nilisubiri yule baba aondoke ndipo nikamwosha mwanangu. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikaenda mwenyewe hadi stoo kwake kabla hajafungua. Miguu haikuwa na nguvu. Nilimwambia maneno mawili matatu niliyokuwa nimeyakariri njiani: shikamoo, una deni langu la laki mbili na elfu kumi, leo nimekuja na elfu kumi na tano, kila mwisho wa mwezi nitaleta kama hii. Hata nilikosea, nilisema "una deni langu" badala ya "nina deni lako". Hakunisamehe hata shilingi, na maneno aliyonipa siyaandiki hapa. Lakini aliandika kwenye daftari lake, nikaandika kwenye langu. Nililipa miezi kumi na mitatu iliyofuata, na hakuja tena nyumbani. Alikuwa hana sababu, mimi nilikuwa nakwenda.

Umeniuliza moyo unapatikana wapi. Mimi wangu niliukuta pale stoo, baada ya kufika. Nyumbani nilikuwa nao woga tu, na ndio nilioondoka nao.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya mdai yeyote, kaa na mume wako. Mwambie na la tatu. Atakasirika, mwache akasirike. Mtu ambaye tangu Agosti anaona mke anahangaika na yeye goti limemfunga, naye ana aibu yake hapo kitini. Mpe kazi: Jumatano akae kwenye meza yako Mbuyuni, kuuza parachichi hakuhitaji goti, wewe uzunguke.

Anza na wale wanawake wanne. Usingoje Jumanne, wafuate mmoja mmoja nyumbani. Ile 28,000 waliyokuchangia ni elfu saba kila mmoja, na elfu saba ya muuza nyanya ni chakula cha siku. Ukienda Dar, marejesho yaliyobaki yanawaangukia wao. Hilo peke yake linatosha kukataa hilo basi la alfajiri. Nyote watano muende kwa afisa wa mkopo mkaombe wiki zirefushwe. Mtu akienda na kikundi chake anasikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Mama wa mtaani umeshampa laki na ishirini na deni lake halijasogea hata hatua moja. Mwombe, mbele ya mjumbe au mzee mnayemheshimu wote, kwamba kuanzia sasa unachopeleka kipunguze ile laki na nusu yenyewe. Kiandikwe, kisainiwe. Anaweza kukataa. Nimewaona wengi wa namna yake wakikubali, kwa sababu naye anaogopa kupotezewa mtaji.

Kausha damu. Hapa nasema kwa ukali kidogo. Anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inasema hivyo, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Waombe wakuonyeshe leseni na mkataba ulioweka kidole. Deni lako ni la haki, lilipe, lakini mdai hajipi hukumu mwenyewe akaingia ndani kwa nguvu kubeba kabati. Wakija kwa vitisho, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, na polisi kama wamevunja au wamekugusa. Na usione huna wa kukusemea. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo. Ofisini kwenu kata, muulize afisa maendeleo ya jamii akuelekeze kwao.

Huyohuyo afisa atakuambia na mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne ikiwa ya vikundi vya wanawake. Ni mizuri. Nakukataza usiiguse mpaka umalize hili la mama wa mtaani, maana umeshajifunza kulipa deni kwa deni na mazoea hayo hayafi kwa siku moja. Panga pia ukijua masika inakuja: Machi hadi Mei wageni wanapungua mlimani, na Moshi yote inajua Aprili ya nyumba ya mpagazi ilivyo kavu. Kilichotoka Januari na Februari kisiliwe chote.

Mtoto mwambie leo kabla hajalala kwamba mlango sasa ni kazi ya mama. Usimweleze sana. Jumanne akisikia hodi, akuone wewe unanyanyuka.

Halafu niandikie. Usihangaike na barua ndefu, niletee tarakimu iliyobaki tu. Hata ikiwa 433,000, nitajua kuna mama mmoja ameshapata elfu saba yake mkononi mwako.